Robo Saa Kabla ya Miadi

Lugha yetu ni tajiri kwa majina ya nyakati. Tuna alfajiri na macheo, adhuhuri na alasiri, magharibi na usiku wa manane. Tuna juzi na jana, kesho, kesho kutwa na mtondo. Lakini iko sehemu moja ya wakati ambayo kila mtu huipitia karibu kila siku, nayo haina jina. Ni ile robo saa, au dakika kumi, au nusu saa, inayobaki baina ya kumaliza jambo moja na kufikia jambo jingine lililoahidiwa. Mtu akiulizwa alikuwa akifanya nini katika muda huo, hujibu, "Nilikuwa nangoja tu." Neno "tu" katika jibu hilo ndilo nitakalo tulitazame pamoja, msomaji, maana nashuku kwamba limemeza sehemu ya maisha yetu iliyo kubwa kuliko tunavyodhani.

Chukua mfano. Ni Jumamosi katika mtaa wa Tassia, upande wa mashariki wa Nairobi. Msichana wa kidato cha tatu ameambiwa awe kwa shangazi yake, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, ifikapo saa nne. Saa tatu na robo amekwisha kufagia, ameoga, amevaa, na viatu vyake vimepigwa rangi. Ana dakika thelathini na tano zilizo zake. Daftari la kemia liko mezani, na ndani yake mna maswali mawili aliyoyaacha jana. Hulitazama daftari, huitazama saa ya ukutani, kisha husema moyoni, "Natoka sasa hivi, ya nini kuanza?" Huketi ukingoni mwa kitanda. Husimama akachungulia dirishani. Hushika simu ya mama yake, akatazama picha za watu asiowajua. Saa nne kasoro dakika kumi huondoka, na muda wote ule umekwenda bila kuwa kazi na bila kuwa mapumziko.

Usimwite mvivu. Lau angaliambiwa usiku uliotangulia kwamba atapewa dakika thelathini na tano za kemia, na baada yake hana safari yoyote, angaliyamaliza maswali yote mawili na kubakiza dakika. Uwezo alikuwa nao, na nia alikuwa nayo. Kilichomshinda ni ile saa nne iliyokuwa mbele yake.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2019 jarida la Marekani liitwalo Journal of Consumer Research lilichapisha utafiti wa wataalamu watatu, Gabriela Tonietto, Selin Malkoc na Stephen Nowlis. Walilinganisha watu waliopewa muda ule ule mmoja, ila baadhi yao walikuwa na ahadi mwisho wa muda huo na wengine hawakuwa nayo. Wale wenye ahadi waliuona muda wao kuwa mfupi kuliko wenzao walivyouona, ingawa saa za wote zilikwenda sawasawa. Si hivyo tu: waliacha kazi ambazo zingalitoshea vizuri katika muda waliokuwa nao, wakachagua zilizo fupi zaidi, hata pale ambapo kazi ndefu ilikuwa na malipo makubwa. Miadi, basi, ni kama mgeni mnene aliyeketi mwishoni mwa benchi. Nafasi ipo ya kutosha, bali sisi twajikunyata upande mmoja kana kwamba haipo.

Nimeutaja mtaa wa Tassia kwa sababu ndiko nikaako, na pia kwa sababu sidhani kuna mahali panapofaa zaidi kwa mazungumzo haya. Ardhi yake ilikuwa ya shirika la akiba ya wafanyakazi, NSSF. Leo ni msitu wa majumba ya ghorofa yaliyosongamana hata jirani aweza kusikia kijiko cha jirani kikianguka. Upande mmoja ipo barabara ya Outer Ring, iliyopanuliwa katika miaka ya 2010 kwa urefu wa kilomita 13 hivi. Upande mwingine, si mbali, upo uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 1958 kwa jina la Embakasi na kupewa jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978. Kuelekea mjini yako mabohari na viwanda. Basi wakazi wengi wa huku huishi kwa saa za watu wengine. Yuko aingiaye zamu ya usiku uwanjani, yuko atokaye kiwandani alfajiri, na wote pamoja hungojea siku ya mgao wa maji, kwa maana kampuni ya maji ya jiji huyagawa kwa ratiba, mtaa huu leo na mtaa ule kesho. Maisha ya namna hiyo yamejaa vipande vya muda. Mtu aweza kupata saa mbili kwa siku za kungoja, na asipate hata nusu saa mfululizo.

Tena kungoja si kwa namna moja. Treni ya abiria iendayo Embakasi Village ina saa yake ya kuondoka, na aliyefika mapema ajua amebakiwa na dakika ngapi. Matatu haina saa, huondoka ijaapo. Waweza kuketi ndani yake dakika mbili au dakika ishirini, na utingo atakuapia kila mara kwamba amebaki mtu mmoja. (Hesabu ya utingo ni elimu ya peke yake, nami sijaifuzu.) Katika kungoja kwa treni, mtu anaweza kupima kazi akaikata kwa kadiri ya muda. Katika kungoja kwa matatu hakuna kipimo, na hapo ndipo wengi wetu hushindwa kabisa, maana twaogopa kuanza jambo litakalokatizwa.

Lakini tazama wazee wetu walivyolitatua fumbo hilo kabla ya saa za ukutani kuingia majumbani. Katika nchi ya Wakamba na ya Wakikuyu wanawake husuka vyondo. Chondo hakitaki mtu atenge siku nzima. Msukaji alikichukua njiani akienda mtoni au sokoni, akasuka huku anatembea na huku anazungumza. Alipofika alikiweka, na baadaye alikishika pale pale alipokiachia. Huko pwani ndivyo ulivyo ukili, ule mkeka mwembamba usukwao kwa miyaa kabla ya kuungwa pande kwa pande. Mwanamke aweza kuuchukua kwa jirani, akausuka akisubiri chungu kichemke, akauacha mtoto akilia, akaurudia mtoto akinyamaza. Mkeka mpana umetoka katika vipande vya muda ambavyo hakuna aliyevihesabu. Siri yake si bidii peke yake. Ni kwamba kazi yenyewe yakubali kukatwa mahali popote pasipo kuharibika.

Hapa Tassia siri hiyo haijapotea. Karibu na kituo cha magari yuko mama auzaye mboga, na mara nyingi nimpitapo namkuta akimenya njegere katika sufuria. Njegere zilizomenywa huuzwa kwa bei kubwa kuliko zilizo katika maganda, maana mnunuzi atokaye kazini usiku hana nguvu za kumenya. Siku moja nilimwuliza, "Mama, huchoki kukaa hapa kutwa nzima?" Akacheka, akanionyesha vidole vyake vilivyogeuka rangi ya kijani. "Mwalimu," alisema, "nani amekaa? Mikono hii imekaa?" Mteja alipokuja aliiacha njegere iliyo mkononi, akapima nyanya, akapokea fedha, akarudia njegere ile ile.

Sasa, ewe mwanafunzi, ukili wako ni upi? Ni masomo yale yanayokubali kukatwa: msamiati, ngeli za majina, alama za elementi, tarehe za historia, kanuni za hesabu, mafungu ya maneno ya lugha ngeni. Wala usidhani kwamba haya nakupa kama makombo ya elimu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa mwaka 1885 kitabu juu ya kumbukumbu, na katika uchunguzi wake alikuwa yeye mwenyewe mwanafunzi na yeye mwenyewe mtahini. Alijikaririsha silabi zisizo na maana, akahesabu ni mara ngapi imempasa kuzirudia. Aliona kwamba kurudia fungu la silabi mara 68 kwa siku moja kulimpa siku iliyofuata faida ile ile aliyoipata kwa kurudia mara 38 tu, ilimradi hizo 38 zimetawanywa katika siku tatu. Kwa kazi ya kukariri, basi, dakika kumi mara tano zaweza kushinda dakika hamsini za mkupuo mmoja. Mtu aliyejifungia chumbani usiku kucha na orodha ya maneno amejinyima usingizi, na tena amechagua njia iliyo ghali.

Lakini ili jambo hili lifae, ni lazima uchaguzi ufanywe mapema. Msichana wetu alipoketi kitandani, nusu ya uchovu wake ilitokana na kutojua aanzie wapi. Dakika tano za kwanza alizitumia kujiuliza, na baada ya hapo muda uliobaki ulionekana haufai kitu. Lau asubuhi angalikuwa amekata karatasi ndogo na kuandika juu yake, "Swali la pili, sehemu ya kwanza tu," mkono wake ungalikwenda wenyewe. Nasema sehemu ya kwanza tu, kwa kuwa kazi ya muda mfupi yapaswa kuwa na mwisho unaoonekana. Asemaye "Nitasoma kemia" hatajua lini amemaliza.

Utaniuliza, je, kazi itakayo fikira ndefu, kama kutunga, nayo yaweza kufanywa kwa vipande? Wengi husema haiwezekani, na kwa muda mrefu nimewasikia wanafunzi wakisema kwamba wangeandika vizuri lau wangepata siku tupu. Mwingereza Anthony Trollope, aliyezaliwa mwaka 1815 na kufa mwaka 1882, alikuwa mtumishi wa Posta kwa zaidi ya miaka 30, naye aliandika riwaya 47. Aliamka alfajiri kabla ya kazi, akaweka saa mbele yake, akajitoza maneno 250 kwa kila robo saa. Kweli robo hizo alizifuatanisha asubuhi kwa muda wa saa tatu. Lakini kazi yake ilipomlazimu kusafiri, aliandika ndani ya treni kwa penseli, kibao kidogo kikiwa magotini. Tawasifu yake ilipotoka mwaka 1883 na kueleza mambo hayo, baadhi ya wasomaji walichukizwa, kana kwamba wamegundua kuwa chakula walichokisifu kilipikwa juu ya jiko la makaa. Ajabu ya binadamu! Twapenda kuamini kwamba mambo mazuri huzaliwa katika nyumba yenye nafasi.

Na kwetu sisi tunao mfano wa karibu zaidi. Shaaban Robert wa Tanga, aliyeishi toka mwaka 1909 hata 1962, aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, na kwa sehemu kubwa ya umri wake alikuwa mtumishi wa serikali. Vitabu unavyovisoma darasani havikuandikwa na mtu aliyepewa mwaka mtupu. Viliandikwa na karani ambaye mchana wake ulikuwa wa watu wengine.

Husemwa kwamba wakati ni mali, nao Wamarekani wana maneno kama hayo ambayo Benjamin Franklin aliyaandika mwaka 1748 katika mashauri yake kwa kijana mfanyabiashara. Nakubali kwa shingo upande. Mali huwekwa akiba, wakati hauwekwi. Shilingi kumi kumi za wiki nzima zaweza kukusanywa zikawa shilingi sabini. Lakini robo saa za wiki nzima huwezi kuzikusanya ukazipata zote Jumapili katika mfuko mmoja. Robo saa haina budi kutumiwa ikiwa robo saa. Ndiyo sababu mtu asemaye, "Nikipata muda mrefu nitaanza," aweza kuzeeka kabla hajaanza, ingawa muda wenyewe alikuwa nao kwa wingi, umekatwa vipande.

Hapo naona msomaji mmoja amekunja uso. Asema, "Mwalimu, wataka tusipumzike kamwe? Kila dakika na iwe na daftari?" Swali hili ni zito, nami silipiti. Marehemu John Mbiti, Mkenya aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alitoa mwaka 1969 kitabu cha Kiingereza juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Humo alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza jinsi alivyodhani Waafrika wa jadi waliuona wakati. Alisema kwamba mgeni atokaye nchi nyingine, akiona watu wameketi, huwadhania kuwa wanapoteza wakati, kumbe wao wanaungoja wakati, au hata wanautengeneza. Wanafalsafa wengine wa Afrika, kama vile Kwasi Gyekye wa Ghana, walimpinga, hasa pale aliposema kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wazo la mbali juu ya siku zijazo. Mimi nami nawaunga mkono hao wapinzani, maana mwanamke aliyesuka chondo akiwazia soko la mwezi ujao hakuwa mtu asiyejua siku zijazo. Lakini katika habari ya kuketi, naona Mbiti alishika jambo la kweli. Si kila aliyeketi amepoteza.

Tofauti iko wapi? Itazame kwa mfano wa misikiti, ya Mombasa na Lamu na hata ya hapa Nairobi. Baina ya adhana, iitayo watu kwenye sala, na ikama, itangazayo kwamba sala yaanza, pana muda mfupi. Huo ni muda kabla ya miadi kwa maana kamili ya maneno hayo. Aliyewahi kuingia husali sunna, au husoma Kurani, au huketi kimya akiomba dua. Kwa macho ya mpita njia, yule aliyeketi kimya hafanyi kitu. Lakini hakuna atokaye pale akasema, "Nilikuwa nangoja tu." Muda ule una sura yake na heshima yake, nao humwandaa mtu kwa jambo alilolijia. Hakai akijiuliza afanye nini. Jibu lilikuwapo kabla yake.

Basi kuketi kwa aliyechagua kuketi ni jambo jema, na macho ya msichana wetu, lau yangalifumbwa kwa dakika kumi kwa kusudi la kupumzika, yangalipata faida. Kilichomwibia ni kutochagua, na simu ikamchagulia. Juu ya simu sina maneno mengi; ndani yake mna kamusi pia, na aitakaye huipata. Nasema tu kwamba picha zile hazina mwisho, na kitu kisicho na mwisho ni mwenzi mbaya wa muda wenye mwisho.

Zaidi ya hayo, miadi yenyewe ina haki katika muda unaoitangulia. Nimesimama mara nyingi nje ya vyumba vya mitihani, nikawaona watahiniwa katika dakika kumi za mwisho. Wako wafunuao kurasa mbio mbio, wakitafuta sura ambayo hawakuisoma mwaka mzima; huikuta, huishika nusu, na hofu ikaipindua ile nyingine waliyokuwa wameishika barabara. Wako wengine waliofunga vitabu, wakachonga penseli, wakaenda haja, wakasimama kivulini. Hao wa pili huonekana kama wamezitupa dakika zao. Mimi nasema wamezipeleka mahali pake. Kadhalika mtu aendaye kumjulia hali mgonjwa, au kuomba radhi, au kuhojiwa kwa ajili ya kazi, anadaiwa dakika kadhaa za kuutuliza moyo wake, na akiingia na kichwa kilichojaa hesabu atakuwa amefika mwili tu.

Nao mwenye kutungoja ana haki yake. Hapa ndipo ilipo hatari kubwa ya mafundisho ya kutumia kila dakika, na walimu wa bidii aghalabu hawaitaji. Tuseme wanawake wa chama kimoja cha kuweka akiba wamepatana kukutana Jumapili saa tisa. Mwenzao mmoja, ndiye ashikaye daftari la hesabu, amebakiwa na robo saa nyumbani. Aona aibu kuipoteza, akasema, "Nimalizie hili kwanza," akaanza kufua. Nguo za robo saa zikawa za nusu saa, naye akafika amechelewa dakika kumi na tano. Yeye amejisifu kwamba hakupoteza hata dakika moja. Lakini wenzake ishirini waliokaa wakimngoja wamepoteza kila mmoja dakika kumi na tano, na jumla yake ni dakika 300, yaani saa tano. Ameokoa robo saa kwa saa tano za watu wengine, tena wengine kati yao walikuwa wametoka zamu ya usiku na hawajalala. Mwalimu achelewaye dakika tano katika darasa la wanafunzi 45 amechukua dakika 225, na hakuna mahakama itakayomtoza.

Ukifikiri juu ya hesabu hiyo utaona jambo jingine, ambalo kwangu ndilo kiini cha shauri zima. Mnyonge ndiye angojaye, na mwenye nguvu ndiye angojwaye. Mgonjwa humngoja tabibu, mkulima humngoja karani, mpangaji humngoja mwenye nyumba, mtoto humngoja mzazi. Mtu akipanda cheo, ishara ya kwanza ya kupanda kwake ni kwamba watu waanza kumngoja. Kwa hiyo swali la dakika hizi chache si swali la akiba peke yake, bali ni swali la haki pia. Wewe uliye mwanafunzi leo huenda ukawa tabibu au karani kesho, na benchi lililo nje ya mlango wako litajaa watu wenye vipande vya muda kama vyako vya leo. Ukiwa umezoea kuuona muda huo kuwa si kitu, si kitu utauona hata ukiwa wao.

Kwa ajili hiyo, kazi ya muda mfupi yapasa kuachwa mapema, na uondokapo uhesabu njia kama ilivyo, si kama uipendavyo. Akaaye ghorofa ya sita katika jumba lisilo na lifti ahesabu ngazi. Masika yakinyesha, mtaa wetu hugeuka matope, na mwendo wa dakika kumi huwa wa dakika ishirini kwa mtu atakaye kufika na viatu vyenye rangi yake. Ukikutana na mzee ngazini, salamu ina dakika zake. Katika Kiswahili haisemwi mara moja ikaisha, nami nisingependa kijana yeyote aipunguze kwa kisingizio kwamba amesoma insha yangu.

Pana watu, hata hivyo, ambao sina la kuwaambia katika haya yote, na ni afadhali kuwataja kuliko kujifanya siwaoni. Alfajiri, kabla ya magari ya shule kuanza kupita, wako wanaume na wanawake watokao Tassia na mitaa jirani wakaenda kwa miguu hadi Eneo la Viwanda. Husimama mbele ya malango ya viwanda wakitumaini kuchukuliwa kwa kibarua cha siku. Hawana miadi. Hakuna aliyewaahidi saa wala kazi. Lango laweza kufunguliwa baada ya dakika tano, au lisifunguliwe kwa ajili yao siku ile. Kumwambia mtu kama huyo atumie vizuri muda wake ni kumtukana, maana muda wake umeshikwa na mwingine asiyemjua hata jina. Anachohitaji ni kazi yenye saa yake ya kuingia na saa yake ya kutoka, ili naye apate muda mfupi ulio wake kabla ya miadi.

Na bado, mahali ambapo muuza magazeti ameyatandika magazeti yake chini kando ya njia, utawaona baadhi yao wameyainamia, mikono nyuma, wakisoma vichwa vya habari vya ukurasa wa kwanza, kwa kuwa huo husomwa bure. Mmoja husoma kwa sauti kwa ajili ya wenzake walio nyuma. Kisha lango husikika likilia, nao wote huinua vichwa kwa pamoja, sentensi ikiwa imefika nusu.